Wakuu, simu au kifaa cha GPS kwenye gari? Naomba ushauri wa haraka

Mgeni_wa_Kusini: Habari za asubuhi wakuu. Naendesha gari hapa Dar kwa ramani ya simu, nimechoka. Simu inachemka, chaji inakata, bando likiisha ramani inabaki nyeupe. Jana imezima nafika Tazara, sikujua nipande daraja au nipite chini. Nimeona kuna vile vifaa vya GPS vya kubandika kiooni. Nichukue au nibaki na simu?

Fundi_Ilala: GPS haili bando, mkuu. Simu inapokea mawimbi ya satelaiti bure, bando linaleta picha ya ramani na taarifa za foleni. Pakua ramani ya Dar ukiwa kwenye waifai, itakuongoza hata bila mtandao, ila foleni hutaziona. Huko kuchemka, simu unaiweka wapi? Kama ni juani kwenye dashibodi, skrini inawaka na chaja imechomekwa, lazima ijizime. Ibane kwenye tundu la AC.

Mama_Tabata: Langu lilikuja na navi yake kutoka Japani. Kila nikiwasha linanisalimia Kijapani, na ramani ni ya huko huko. Nafika popote kwa kuuliza bodaboda.

Mkongwe_Mbagala: Sisi mji tuliujua kwa miguu. Vijana mnataka kuelekezwa hadi chooni.

Fundi_Ilala: Mgeni, hujanijibu. Unaiweka wapi?

Mgeni_wa_Kusini: Mapajani.

Fundi_Ilala: Mapajani? Kwa nini?

Mgeni_wa_Kusini: Basi niseme tu. Gari si langu, namwendesha bosi. Siku ya usaili aliniuliza kama naijua Dar, nikajibu naijua yote. Nimetoka Songea, hapa sina hata miezi miwili. Yeye anakaa nyuma, nikibandika simu kiooni atashtuka. Ndiyo maana naiweka mapajani na sauti nimezima. Kifaa ataona ni cha gari. Msinilaumu, nina watoto. Na advansi ya laki moja nimeshatoa.

Nesi_wa_Zamu: Kaka yangu, kwenye spidi 60 ukiinamia simu sekunde mbili, gari limeshakwenda mita 33 huoni mbele. Mimi ndiye ninayewapokea usiku hao walioinama kidogo tu. Tafadhali itoe hapo leo.

Kijana_wa_Ardhi: Mwaka 2015 nikiwa mwanafunzi tuliingia mradi wa Ramani Huria. Tulizunguka Tandale na wenyeji tukiweka kwenye ramani vichochoro, mitaro, hadi maji ya mafuriko yanapofika. Viatu viliisha! Kazi ile iko OpenStreetMap, ramani ya wote mtandaoni, mtu anaipakua bure. Kwa hiyo Mgeni, kabla hujamalizia hela muulize muuzaji kifaa kina ramani ya nchi gani. Cha mtumba kutoka Ulaya kinaweza kuwa na barabara za Ulaya tu.

Mpekuzi_Sinza: Hii imetungwa. Bosi gani anakaa nyuma wiki kadhaa haoni dereva anaangalia mapaja? Huyu ni muuza vifaa, subirini aweke namba yake.

Mama_Tabata: Hata mimi nilianza kunusa.

Mgeni_wa_Kusini: Haki ya Mungu siuzi kitu. Wiki iliyopita pale Magomeni nilikuwa nasoma ramani, nainua macho tairi mbili ziko ndani ya njia ya mwendokasi na basi linakuja. Lilipiga honi mpaka nikafa ganzi. Bosi akauliza, "Vipi dereva?" Nikasema nakwepa shimo. Usiku ule sikulala. Muuzaji angewaeleza hayo?

Mpekuzi_Sinza: Samahani, kaka.

Baba_Goba: Mimi nina dereva. Wiki ya kwanza aliniambia mitaa ya huku haijui, nikanunua kishikio cha simu mwenyewe. Sauti inaongea, mimi nasoma gazeti. Mwambie bosi wako.

Mgeni_wa_Kusini: Akinifukuza je? Wewe unaongea kama bosi. Nimepakua ramani kwa waifai ya hapa mapokezi, bosi bado yuko kikaoni. Ila kifaa nakichukua, laki yangu hairudi. Muuzaji tunakutana naye Kariakoo saa kumi na moja.

Fundi_Ilala: Kariakoo mtaa gani?

Mgeni_wa_Kusini: Amesema Narung'ombe. Ndiyo naitafuta hapa.