Sahihi yangu ya nauli imegeuzwa kuwa ridhaa ya kukata mikoko. Nifanyeje?

Mama Mizinga, Mida (Kilifi)

Hamjambo humu ndani. Mimi ni mfugaji nyuki, nina mizinga 9 ndani ya mikoko ya hori la Mida.

Miezi kadhaa iliyopita tuliitwa barazani. Kuna watu wamenunua shamba linalopakana na mikoko, wanataka kujenga nyumba za wageni na gati la boti. Siwataji. Tulipewa soda na shilingi 500 za nauli, hata mimi niliyekuja kwa miguu kutoka nyumba ya tatu. Ikapitishwa karatasi: jina, kitambulisho, simu, sahihi. Juu palikuwa patupu. Nikatia sahihi kama mtu anayepokea pesa, basi.

Wiki jana mpwa wangu kaniletea mandazi yaliyofungwa gazetini. Akaniambia, "Shangazi, hebu soma hapo penye mafuta." Kumbe ni tangazo la NEMA, ile mamlaka ya mazingira, kuhusu shamba lile lile, maoni yatolewe ndani ya siku 30. Tukahesabu, zimebaki 12. Kesho yake tukapanda matatu hadi Kilifi, tukaomba kuiona ripoti ya athari za mradi kwa mazingira. Nene kama Biblia, na yote Kiingereza. Mpwa akanisomea. Imeandikwa kwamba pale ni kichaka cha maji ya chumvi ambacho wakazi hawakitumii. Mwisho kabisa, kwenye viambatisho, nikaiona karatasi yetu ya soda. Sasa ina kichwa: wakazi wanaounga mkono mradi. Mimi ni nambari 14.

Kichaka! Mchu, mmoja wa mikoko hiyo, ukichanua, nyuki wangu hawana safari ndefu. Mwanangu huchokoa kaa kwenye mizizi hiyo hiyo kwa kijiti chenye ndoano, na ndiyo karo ya mdogo wake. Maji yakitoka, matope yote yale hujaa ndege. Wamo wale weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambao huzaliana huko Oman na pwani za Ghuba, kisha wanakuja kukaa kwetu miezi na miezi. Aliyeandika ripoti sijui alikuja saa ngapi. Labda maji yalikuwa yamejaa.

Ninachouliza ni hiki: sahihi yangu naweza kuitoa? Na barua ya mtu aliyeishia darasa la saba, kuna atakayeisoma?

Mwana wa Amu

Mama, shikamoo. Hili sisi Lamu limetupitia. Amu Power walitaka kujenga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 pale Kwasasi, na leseni wakapewa mwaka 2016. Kikundi cha wakazi cha Save Lamu na wenzao wakaenda kwa lile jopo la rufaa za mazingira, NET, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Moja ya sababu kubwa ilikuwa mikutano. Ile iliyofanyika mwanzo ilikuwa ya kujitambulisha tu, na utafiti ulipokamilika watu hawakurudiwa wakaelezwa kilichomo. Kampuni ikakata rufaa, na Oktoba 2025 mahakama ya Malindi ikaitupa. Kwa hiyo kisa chako si kigeni, ila jiandae. Kwetu yalikwenda miaka tisa.

Karani Mstaafu

Mama Mizinga, jina lako huwezi kulifuta kwenye ripoti yao, lakini unaweza kuwaandikia NEMA kulihusu. Andika kwamba karatasi ile ilikuwa ya mahudhurio na nauli, haikuwa na kichwa, na ripoti hukuonyeshwa. Andika kwa Kiswahili, ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba, asikutishe mtu. Kisha kaape mbele ya kamishna wa viapo, iwe hati ya kiapo. Watafute wenzako walio kwenye orodha, kila mmoja aandike ya kwake. Barua kumi za watu kumi zina uzito kuliko barua moja yenye sahihi kumi, na hapo sahihi mmeshaona zinavyoweza kuhama.

Peleka NEMA nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Omba pia kikao cha hadhara. Taja kwamba eneo la Malindi na Watamu liko kwenye orodha ya UNESCO ya hifadhi za uhai tangu 1979. Lakini mizinga na kaa vitangulie, maana hayo ya UNESCO wanayajua, ya kwako ndiyo wameyaruka.

Leseni ikitoka licha ya hayo, una siku 60 za kwenda NET. Usilale. Na kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu kwenda mahakamani hata kabla hujapata hasara yoyote.

Fundi Bomba, Watamu

Nitatukanwa, lakini nitasema. Mimi nina watoto wanne na kazi yangu ni mabomba. Kila mradi mnapinga. Uyombo mliandamana 2024 kupinga mtambo wa nyuklia, sawa, ile hata mimi niliiogopa. Sasa hata nyumba za wageni? Tutakula ndege?

Mama Mizinga

Fundi, mwanangu, sikutukani. Wajenge, na mabomba ukafunge wewe. Shamba lao ni refu hadi karibu na barabara, nafasi ya nyumba ipo tele. Nilichokataa ni kukatwa mikoko na hilo gati. Na wageni wenyewe wakija Mida huja kutazama hao ndege, muulize dereva yeyote wa tuktuk.

Karani, asante sana. Jana nimekwenda Kilifi, nakala yangu ina muhuri. Katika orodha tumewapata watu 11, sita wameandika. Watatu wanasema wanafikiria. Mmoja ameniuliza kama akiandika atadaiwa ile 500 yake. Nikamwambia hapana, akasema basi atakuja Jumatatu. Na nambari 22 ni marehemu, tulimzika mwezi mmoja kabla ya baraza. Hilo nalo naliandika vipi?

Karani Mstaafu

Marehemu anatia sahihi? Mama, kesho asubuhi kamtafute mwanawe, mwende pamoja na cheti cha kifo. Hiyo barua iwe ya juu kabisa.