Mjadala: Hukumu tuisome wenyewe, au tuendelee kusimuliwa?

Mwanjelwa, Mbeya:
Ndugu zangu, hoja hii imenikaa kooni. Huku kwetu wanandoa wakiachana, na kuna shamba la parachichi Rungwe au nyumba ya kupangisha Uyole, mabishano hayakawii kufika kwa Bi Hawa. Ni kesi ya Mahakama ya Rufani ya 1983, Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Tunasimuliwa kwamba mahakama ilisema kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, kwa hiyo mama wa nyumbani apewe nusu.

La kwanza ni kweli. Jaji Mkuu Francis Nyalali aliliandika wazi, akifafanua kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, na kina mama wengi wamepata haki kwa maneno yale. Lakini Bi Hawa mwenyewe alishindwa rufaa! Mahakama iliona mume alikwisha kumpa fedha za kuanzisha biashara ya familia, naye akazitumia vinginevyo, basi fungu lake alikwisha kulichukua. Na hiyo nusu haiji yenyewe. Kifungu kinataka kwanza zitazamwe mila za wahusika, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni, na mahitaji ya watoto, ndipo mahakama ielekee kwenye usawa. Mama asiyelijua hili anakwenda mahakamani na jina la kesi tu, mashahidi waliomwona akipalilia lile shamba kawaacha kijijini. Inaniuma sana, maana hukumu hizi TanzLII, ile tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, wanaziweka bure.

Mafinga:
Mkuu, unatubebesha mzigo. Hukumu nyingi ni za Kiingereza, kurasa kwa kurasa, zimejaa kesi za Uingereza na India. Sheria ilibadilishwa 2021 Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, lakini zile za zamani zimebaki vilevile. Shangazi yangu anayeuza mbao hapa atazisoma saa ngapi? Mawakili wapo kwa kazi hiyo. Tena anayesoma bila kujua kama uamuzi ulitenguliwa juu atapotea kuliko aliyesimuliwa.

Tukuyu:
Namuunga mkono Mafinga kwa hilo la mwisho. Katika kesi ya Mbushuu, 1994, Mahakama Kuu ilitamka kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Ukisoma hiyo peke yake utaapa kwamba imefutwa. 1995 Mahakama ya Rufani ikasema ibara ya 30(2) ya Katiba, ile inayoruhusu sheria kubana haki kwa masilahi ya umma, inairuhusu, na ipo mpaka leo.

Mwanjelwa, Mbeya:
Tukuyu, nakubali kwamba lazima mtu aifuate kesi mpaka juu ilikoishia. Ila mfano wako unanipa nguvu. Rufani ile ilikubali kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na inadhalilisha, kisha ikaiacha isimame kwa ibara hiyo. Aliyesimuliwa tu kwamba "Serikali ilishinda" hana habari na nusu hiyo ya kwanza, na ndiyo anayoihitaji anayetaka Bunge libadilishe sheria.

Mafinga, wakili simkatai. Nenda kwake, umwombe akuonyeshe aya anayoitegemea. Ukisoma mwenyewe, anza mwisho kwenye amri, kisha rudi kwenye hoja zilizobishaniwa. Historia ya shauri inaweza kusubiri. Tarehe 10 Agosti 2023, hapa hapa Mbeya, majaji watatu wa Mahakama Kuu walitupilia mbali shauri la kupinga mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai. Tulibishana vikali, wengine mpaka kununiana, na karibu wote tulikuwa tunabishania maneno ya wachambuzi.

Kama kikwazo ni lugha, basi tudai pamoja hukumu kubwa za zamani zitafsiriwe kwa gharama ya Serikali, ya Bi Hawa itangulie. Hilo nalo utalipinga, Mafinga?