Oksidi ya kobalti: elektroni 35, witiri, mbona haipitishi umeme?

Fundi_Chake:
Asalaam aleikum. Mie fundi wa mafriji, Chake Chake. Juzi nabadilisha sensa ya friza la barafu za samaki, binti yangu wa kidato cha sita kakaa pembeni. Nikatia thamista ya zamani (sensa ambayo ukinzani wake hubadilika na joto) kwenye maji ya barafu, mita ikasoma kiloomu 33. Kwenye maji ya nyuzi 50 ikasoma 3.6. Akauliza kimetengenezwa kwa nini. Nikamwambia oksidi za manganizi, nikeli na kobalti zilizochomwa pamoja.

Hapo akanibana. Akaitwaa oksidi ya kobalti peke yake: elektroni 27 za kobalti, 8 za oksijeni, jumla 35, witiri. Kitabu chake kinasema elektroni hukaa mbili mbili katika mkanda wa nishati (ngazi za nishati zilizosongamana). Zikiwa witiri, mkanda unabaki nusu tupu, na kitu cha mkanda nusu tupu ni metali, hupitisha umeme. Na oksidi ya kobalti safi ni kihami! Kosa liko wapi? Sitaki kumwambia "ndivyo ilivyo".

Maalim_Mwera:
Waaleikum salaam, fundi. Hesabu ya binti ni sahihi, na yuko na wakubwa. Wanasayansi De Boer na Verwey walilileta tatizo hili kwenye mkutano wa Bristol, Uingereza, mwaka 1937, oksidi ya nikeli ikiwa mfano wao mkuu. Mwanafizikia Peierls akajibu: mmesahau kwamba elektroni zinasukumana. Mwenzake Mott akalishughulikia, akaandika mwaka 1949, na vihami hivi leo vinaitwa kwa jina lake.

Toa bao. Mashimo 32, tia kete moja kila shimo. Shimo lina nafasi ya mbili, kwa hiyo bao zima limejaa nusu. Kitabu kinasema kete zitembee. Lakini kete ikihama lazima iingie kwa jirani, na kete mbili shimo moja zinasukumana vikali. Gharama hiyo ikizidi faida ya kutembea, kila moja inabaki kwake. Nafasi ipo, ila haina kete ya kuithubutu. (Kobalti yenyewe ina elektroni 7 kwenye tabaka la d, kwa hiyo bao ni mfano uliorahisishwa.)

Sasa toa kete moja. Jirani anaingia penye tupu bila gharama ile, na tupu linatembea bao zima.

Fundi_Chake:
Tumefanya barazani baada ya alasiri. Alipotoa kete ile moja akanyamaza kidogo, kisha: "Baba, thamista basi ndiyo yenye tupu?"

Maalim_Mwera:
Ndiyo, mashaallah. Ndani ya thamista atomu nyingine za manganizi zimepoteza elektroni 3, nyingine 4. Elektroni inaruka kutoka ile ya kwanza kwenda ya pili. Lakini hairuki bure: imezivuta atomu za jirani zikajipinda kuizunguka, mithili ya mtu aliyezama kwenye godoro la sufi. Joto ndilo linalomnyanyua. Ndiyo maana ukinzani unashuka joto likipanda.

Fundi_Chake:
Ana jingine. Bao letu kalichonga marehemu babu yake kwa mkono, mashimo hayalingani kina. Anauliza kama hilo nalo linahesabika.

Mkoani_Fizikia:
Linahesabika sana, ami. Mwaka 1958 mwanafizikia Anderson alionesha kwamba vina visivyolingana peke yake vinaweza kuifunga elektroni, hata kama hazisukumani kabisa. Elektroni ni wimbi. Likigonga vizuizi vilivyotapakaa bila mpango, vipande vyake vilivyotawanyika vinafutana mbali na pale lilipoanzia, wimbi linabaki limeganda mahali. Yeye na Mott walipata Nobel mwaka 1977 pamoja na Van Vleck.

Katika vitu halisi mambo haya mawili, kusukumana na vina visivyolingana, huja pamoja, na hapo ndipo pagumu. Efros na Shklovskii walionesha mwaka 1975 kwamba elektroni zilizokwishafungwa, kwa kusukumana kutoka mbali, zinapunguza nafasi za kurukia zenye gharama ndogo, na kwenye baridi kali umeme unapita kwa shida zaidi. Ami, mwache binti achore logi asilia ya ukinzani dhidi ya 1/T, T ikiwa halijoto kwa kelvini. Thamista yako itampa mstari ulionyooka, au karibu yake.

Fundi_Chake:
Kachukua vipimo viwili vile vya mwanzo, mwinamo umetoka kama 3,900. Nimetazama karatasi ya sensa: 3950. Sasa anataka barafu zaidi, na mie nimeshamtilia ndoo.