Kagari kadogo mu milima ya Bukavu: ninunue ama nibaki na moto?

mwalimu_panzi

Jambo yenu bandugu na badada. Mimi niko naishi Panzi, nafundisha upande wa Nyawera, na kila siku ni moto (pikipiki ya kubeba batu) asubuhi, moto mangaribi, mvua ikianguka unafika ku kazi suruali imelowana mpaka ku magoti na mutu wa moto naye ameshaongeza bei juu ya ileile mvua. Nimechunga franga pole pole, sasa naona naweza kununua gari lakini ni kagari kadogo tu, zile Prado tuwaachie ba ONG.

Mpaka sasa nimeona tatu. Kuko Vitz ya injini ya litre moja, ya 2005 kwenda mbele. Kuko IST ya muzee mumoja wa kanisa yetu, yeye bei yake iko juu kidogo na hataki kushusha. Halafu kuko yenye inanichanganya kichwa: Smart, ile ya viti mbili tu, ilitoka Ulaya, bei yake iko chini mpaka najiuliza kuko nini ndani. Bibi yangu anasema tusikimbie, tungoje tuongeze tununue RAV4 hata ya zamani. Wenye muko munatembeza tugari tudogo hapa mujini muniambie bila kuficha, inasaidia wapi na inakuangusha wapi. Ile ya kusema "inakunywa kidogo" nayijua, muniambie ingine.

mama_vitz_nguba

Mwalimu karibu ku kabila yetu 😄 Mi niko na Vitz tangu miaka, watoto wangu wamekulia mule ndani.

Uzuri wake kwangu hata si esansi (petroli), ni nafasi. Unajua vile Nyawera iko saa ya soko, upande huu bamama na nyanya zao, upande ule taksi imesimama katikati inaita batu ba kwenda kartye ya Essence, "Essence! Essence!", na mutu wa moto anapita kati ya hao wote, sasa mwenye Land Cruiser anabaki pale anapiga honi mpaka honi yenyewe inachoka, mimi nishapita. Kuparka pia, mwenye gari kubwa anazunguka anatafuta, mi nakaingiza katikati ya gari mbili nafunga mulango naenda zangu. Na zile avenue zetu zenye zinaanza muzuri halafu zinaishia ku ngazi, ukijikuta mule na gari ndefu ni kurudi kinyumenyume mpaka ku barabara kubwa huku watoto wa kartye yote wanakuelekeza, kila mutu upande wake. Ya kwangu inageuka palepale.

Ubaya sasa. Ku karti rozi (karatasi ya gari) wameandika batu tano. Hao batu tano walipimwa ku Japani, hapana hapa. Bukavu hautembei na gari peke yako hata ukijaribu, ukitoka misa shangazi yuko anakungoja ku mulango ya gari, mama mukwe amekuja na mufuko wa bunga na mukungu wa ndizi, jirani anaomba tu umufikishe hapo mbele (hapo mbele ni Bagira). Gari inalala nyuma, chini inakwaruza kila jiwe, na ku mupando unasikia injini inalia. Mi niliweka sheria, mufuko wa makala haupande gari hii, hata kama ni ya mama yangu muzazi. Walikasirika, wakazoea.

Lakini pia hakuna mutu atakuja kukuomba kagari kako ku mustari wa harusi. Hiyo usiidharau.

fundi_kadutu

Mama amesema vizuri, mimi niongeze ya chini ya kapo (boneti). Huu muji uko karibu mita 1500 juu ya bahari, ziwa Kivu lenyewe liko 1460. Injini yenye haina turbo, kile kifaa cha kusukuma hewa mu injini, inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila mita 1000 ukipanda, juu hewa iko nyepesi. Sasa ile Vitz ya litre moja, injini 1KR, silinda tatu, cc 996, ku kiwanda wanaipa nguvu ya farasi karibu 70. Hapa kwetu inabaki na kama 60. Weka batu wane, washa klima, halafu piga mupando wa Cimpunda, utaona mwenyewe.

Injini yenyewe sina neno nayo. Iko na chene, haina mukaba wa kukatika, ukibadilisha mafuta kwa wakati inatembea sana. Kazi iko ku bwati (giaboksi). Vitz zingine ziko na CVT, ile bwati haina vitesi (gia) za kuhesabu, ni mukaba wa chuma unabanwa kati ya puli mbili. Ku barabara laini ni muzuri kabisa. Hapa batu wanaiweka mafuta ya bwati ya kawaida juu iko bei chini, halafu kila siku wanapanda nayo mulima imejaa, inapata moto, inaanza kutetemeka ukiwa unaondoka, na siku ikikufa mutu anakuja kunililia hapa garaji. CVT iko na mafuta yake peke yake. Uliza hiyo mbele ya kuuliza rangi ya viti.

IST ya toleo la kwanza iko na injini 1.3 ama 1.5 na bwati otomatike ya vitesi ine, ni ya zamani lakini inavumilia. Na mipira yake ni ya inchi 15 wakati Vitz nyingi ziko na 13 ama 14. Unaona ni kitu kidogo, lakini mupira mudogo unaingia muzima mu shimo, mukubwa kidogo unapita juu. Ndiyo maana ba Vitz wote wanarudi kwangu, leo ni rotile, kesho silamblok, kesho kutwa amotisera, zote vyuma vya chini kwenye mipira inashikwa. Inaokoa tu juu pyesi (spea) ziko kila kona na haziko ghali.

Na kushuka, juu kila mutu anaongea kupanda tu. Gari ndogo iko na frene (breki) ndogo. Usishuke mulima mguu umelala juu ya frene kutoka juu mpaka chini, weka levye ya vitesi ku 2 ama L, CVT zingine wanaandika B, acha injini ikushike. Ukisikia harufu ya kuungua umeshachelewa.

matonge_bxl

Salamu kutoka Bruxelles. Acheni nitetee Smart kidogo juu nimeitembeza hapa. Ile gari haiko ya kuchezea vile batu wanafikiri. Wazo lilitoka kwa muzee wa saa za Swatch, Nicolas Hayek, akaungana na ba Mercedes, wakajenga kiwanda Hambach kule Ufaransa, ikatoka 1998. Zile za kwanza ziko na urefu wa mita mbili na nusu, injini cc 599 na turbo, wameiweka nyuma chini ya kofre. Hapa mutu anaiparka kwa upana, pua inaangalia trotwari, mahali kwenye gari ingine haiwezi kutosha. Asubuhi unaenda ku kazi mutu mumoja na saki moja, mangaribi unarudi mutu mumoja na ileile saki, hakuna shangazi anakungoja. Ndiyo maana inafaa huku.

Lakini mwalimu usiinunue huko. Turbo itakusaidia ku milima, hiyo ni kweli, hewa nyepesi haiisumbui sana sawa zile zingine. Vingine vyote vitakusumbua. Bwati yake ni ya roboti, inabadilisha vitesi pole pole na kila ikibadilisha kichwa chako kinainama mbele kama mutu anakubali kila kitu. Mipira ya mbele na ya nyuma haifanane, mara nyingi upana wa mbele ni milimita 145, nyuma 175, na mule ndani hawakuweka hata nafasi ya mupira wa sekuru (wa akiba). Sensa moja ikikufa unahitaji mashine ya kuisoma na mutu mwenye kuijua. Bei ya chini ndiyo hiyo sasa, pyesi itakuja mu valizi ya mutu, na huyo mutu anasafiri akitaka.

mushamuka_bagira

Vijana munaongea esansi, munaongea kuparka, hakuna hata mumoja anaongea uhai. Mwaka wa 2009 kule Marekani taasisi ya ba asiransi (bima) yenye inajaribu magari, IIHS, waligonganisha tugari tudogo na magari makubwa ya kampuni ileile: Smart na Mercedes C, Honda Fit na Accord, Yaris na Camry, kila moja inakimbia kilometre 64 kwa saa. Yaris ndiyo hiyo Vitz yenu, jina tu ndilo lingine. Ilipogongwa peke yake ku kizuizi walikuwa wameipa "nzuri", ilipokutana na Camry wakaipa "mbaya", na zile ndogo zote tatu zilitoka na "mbaya". Na Camry ni gari ya kawaida tu, haiko lori ya Fuso imejaa simenti inashuka frene zimekwisha. Gari nyepesi ikikutana na nzito, yenye inarudishwa nyuma ni nyepesi, hata wajenge namna gani. Mwalimu sikiliza bibi yako. Na siku ya kwenda Uvira utapita mulima wa Ngomo na Vitz?

mama_vitz_nguba

Mushamuka heshima yako, lakini hiyo 64 kwa saa utaipata wapi hapa mujini? Asubuhi kutoka Essence mpaka Nyawera hata vitesi ya tatu hauigusi. Na tuseme ukweli, mwalimu leo yuko juu ya moto, mvua inamupiga, kofia ya chuma hana ama ni ile moja ya muteja yenye kila mutu ameivaa. Vitz muipime na moto, musiipime na RAV4 yenye bado hana. Hiyo RAV4 nayo ya zamani yenye atapata kwa pesa yake, itakunywa esansi na garaji pamoja.

Ngomo mi siendi na Vitz, napanda bisi na batu wengine. Ile ya Fuso peke yake ndiyo nakubali, siku ya mvua ku mushuko nikiona lori nyuma yangu najitoa pembeni ipite.

mushamuka_bagira

Ya moto sawa binti yangu. Ya RAV4 bado naishikilia.

kijana_muhumba

Mumesahau volani (usukani). Hizi zote za Japani ziko na volani ku kuume, zinapitia Dar ama Mombasa kwenye batu wanatembeza ku kushoto, sisi tunatembeza ku kuume. Mujini unazoea, hata mwenye kuendesha anashukia upande wa trotwari, shida ni mwenye ameketi mbele pamoja na wewe, yeye anashukia katikati ya mamoto, umufundishe mutoto kuangalia mbele ya kufungua mulango. Lakini jaribu kupita lori ku barabara ya Kavumu na litre moja. Lazima utoe gari nzima inje ndipo uone kama kuko mutu anakuja, na ukiona yuko, nguvu ya kumaliza haiko. Mi nakaa tu nyuma ya lori nasikiliza radio.

mwalimu_panzi

Aksanti sana wote, Smart nishaifuta. Kuko kitu sikusema. Kutoka barabara kubwa mpaka kwangu kuko kipande cha kushuka, ni mawe tupu, mvua ikianguka maji yote ya mulima yanapita mule na yanahamisha mawe, leo jiwe liko huku kesho liko kule. Moto inapita. Taksi ikifika pale juu inakuambia lipa na ushuke. Nyumbani tuko batu wane na wa tano yuko njiani. Vitz itafika kweli ama nijikaze ku IST?

fundi_kadutu

Si ndiyo hiyo ulipashwa kutuambia ya kwanza! Kama taksi inakataa, na taksi zenyewe unajua vile hazina tena cha kupoteza, Vitz itakubali wiki za kwanza tu, kisha jiwe moja litatoboa kartere, ile bakuli ya mafuta chini ya injini, na hautasikia kitu mpaka taa nyekundu. IST nayo haiko jeep, iko juu kidogo lakini kile kipande usikipigie kila siku. Fanya hivi, tafuta mutu mwenye parsele (kiwanja) pale juu ku barabara, umulipe kidogo ku mwezi gari ilale kwake, nyinyi mushuke na miguu. Ukifanya vile hata Vitz inaweza kukutumikia, lakini kwa batu tano mi nakuambia IST, muache muzee na bei yake.

Mbele ya kutoa pesa ipeleke ku mupando injini ikiwa tayari imepata moto, ndani muko batu wane, simama katikati ya mulima, halafu ondoka tena. Ikirudi nyuma kidogo si neno, ikitetemeka ama ikingoja mbele ya kushika, iache. Inua tapi (mazulia) za chini uangalie kutu na unuse, gari yenye ililala mu maji harufu haitoki. Numero ya shasi uisome wewe mwenyewe ku gari, hapana ku karatasi, kisha ulinganishe na karti rozi na karatasi za dwani (forodha). Muzee wa kanisa ama hapana, soma.

mwalimu_panzi

Pale juu kuko jirani mumoja mwenye parsele kubwa. Lakini anafuga mbuzi mule.

fundi_kadutu

Mbuzi hazikuli IST. Uliza bei.

mama_vitz_nguba

Hazikuli, zinapanda juu ya kapo. Nunua na bashi (turubai) ya kuifunika.