Naomba ushauri: blogu ya kukusanya habari za kahawa kwa wakulima wa Kilimanjaro, nianzeje bila kuiba kazi za watu?

BintiKibosho

Habari zenu wadau. Nipo Moshi mjini, kwetu ni Kibosho. Wazazi wana kahawa na migomba kihambani (shamba la nyumbani) kama majirani zao wote, na kazi ya kutafuta habari imeniangukia mimi. Jioni napitia tovuti: Bodi ya Kahawa ikiweka matokeo ya mnada, TaCRI (taasisi ya utafiti wa kahawa) pale Lyamungo wakitoa jambo kuhusu miche au chule buni (ugonjwa wa matunda ya kahawa), utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) msimu wa masika au vuli ukikaribia, bei ya kahawa kwenye soko la New York, na magazeti ya nje yanayoandika habari za ukame au baridi kali huko Brazil. Nachagua yanayotuhusu, naandika mistari michache, natuma kwenye grupu la chama chetu cha msingi.

Wanachama wakaanza kusambaza kwa vyama vya jirani. Sasa kila wiki naulizwa, "Dada, ile ya dawa ya kutu ya majani uliyotuma iko wapi?" Kwenye grupu kitu kikishapita ndiyo kimepita. Ndipo nikafikiria blogu, mahali ambapo mtu anaweza kurudi na kutafuta.

Ninachoogopa ni hiki. Blogu nyingi ninazoziona zinachukua habari nzima ya mtu, zinaibandika, kisha chini kabisa wanaandika "chanzo: mtandao". Sitaki kuwa hivyo. Naomba kujua: nikiweka habari nzima lakini nikataja chanzo vizuri, inatosha? Nyingi ziko kwa Kiingereza. Nikitafsiri mwenyewe, inakuwa kazi yangu? Kuna mtu ananishawishi nilipie programu inayovuta habari yenyewe kutoka tovuti nyingine na kuzipandisha bila mimi kugusa kitu, inafaa? Na picha je?

Sitafuti utajiri, ila ningefurahi kama ingejilipia gharama zake.

FundiSoweto

Dada, hiyo programu iache. Google walibadilisha sera zao Machi 2024, na wakataja waziwazi kurasa zinazotengenezwa kwa wingi kwa kuunganisha maandishi ya tovuti nyingine bila kuongeza thamani yoyote. Tovuti ya namna hiyo inashushwa au inaondolewa kabisa kwenye matokeo ya utafutaji. Hata matangazo ya AdSense, yale ya Google yanayomlipa mwenye tovuti, hukataliwa ukiwa na maandishi yaliyonakiliwa. Utalipia programu, utalipia hosti (nafasi ya kuweka tovuti), halafu hakuna atakayekuona. Tena mbaya zaidi, programu haijui Kibosho ni wapi. Itavuta habari za kahawa ya Vietnam, ambayo sehemu kubwa ni robusta, na kumletea mtu wa arabika, aina nyingine kabisa ya kahawa.

Unachohitaji ni kitu cha kukuletea habari *wewe*, kisha wewe uchague. Tovuti nyingi zina mlisho wa RSS, yaani orodha ya habari zao mpya inayojisasisha yenyewe. Unaunganisha yote kwenye programu kama Feedly, asubuhi unafungua mahali pamoja na kuona nani ameandika nini. Tovuti zisizo na mlisho (za ofisi nyingi za serikali ziko hivyo) zifuatilie kwa kuzitembelea, au weka Google Alerts kwa maneno yako, yakitajwa mahali unaletewa barua pepe.

Anzia Blogger, ni bure na ni ya Google, haitakudai hosti. Ila nunua jina lako la .co.tz mapema uliunganishe, ili siku ukihamia jukwaa jingine kama WordPress wasomaji wasikupotee. Tumia lebo chache zisizobadilika: bei, mvua, magonjwa, miche, mbolea. Hizo lebo ndizo zitakazomjibu yule anayeuliza dawa ya kutu iko wapi. Picha ziwe ndogo, bando la watu ni la kuhesabu.

Jambo lingine ambalo watu hawaliwazi: viungo hufa. Ofisi ikibadilisha tovuti, waraka uliouelekeza mwaka jana haufunguki tena. Kila unapoweka kiungo cha waraka muhimu, uhifadhi pia kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ghala la nakala za kurasa za mtandaoni, na uandike jina kamili la waraka na tarehe yake. Hapo hata kiungo kikifa, mtu anajua cha kutafuta.

PichaZaMeru

Nijibu la picha, maana linaniuma. Mimi napiga picha Arusha, mashamba na wanyama. Picha yangu moja ya mama anachuma buni nimeikuta kwenye blogu ya watu, jina langu lililokuwa pembeni limekatwa, juu yake wamebandika nembo yao. Nilipowaandikia walinijibu kwamba waliitoa Google. Google haipigi picha! Ile inaonyesha tu kitu kilipo. Mwenyewe yupo, aliamka alfajiri, alimwomba yule mama ruhusa.

Kuandika "picha kwa hisani ya" bila kuomba hakuna hisani yoyote ndani yake. Dada, wewe unatoka kihambani. Piga picha zako kwa simu: jani lenye kutu lilivyo upande wa chini, ule unga wa rangi ya chungwa, buni iliyoingiwa na chule, doa jeusi lililozama. Mkulima atakushukuru kuliko ungempa picha nzuri ya Colombia. Ukikwama, Wikimedia Commons zipo picha nyingi ambazo wenyewe wameruhusu zitumike, soma tu masharti ya kila moja na utaje jina la mpigaji.

SheriaKwanza

Nakusogezea upande wa sheria, kwa kifupi.

Kutaja chanzo hakugeuzi kunakili kuwa ruhusa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Sura ya 218, inaruhusu kunukuu kipande kwa kiasi kinachofaa, ukitaja chanzo na jina la mwandishi. Kuchukua makala nzima si kunukuu. Na tafsiri? Haki ya kutafsiri ni ya mwenye kazi. Ukiitafsiri makala ya watu neno kwa neno bila ruhusa, jasho la tafsiri ni lako lakini huna ruhusa ya kuichapisha. Hili wengi wanaoandika Kiswahili mtandaoni hawalijui, wanadhani lugha ikibadilika na mwenyewe amebadilika.

Sasa upande unaokufaa. Sheria hiyohiyo haizilindi habari za siku kama habari, wala wazo, wala ukweli wenyewe. Kwamba mnada umefanyika na daraja fulani limeuzwa kwa bei fulani, hilo halina mwenyewe. Kinacholindwa ni namna mwandishi alivyoliandika. Kwa hiyo soma, elewa, funga ukurasa, andika kwa maneno yako.

Kuna pia waliokwishatoa ruhusa. Global Voices, tovuti ya habari za dunia ambayo ina toleo la Kiswahili, wanaruhusu kazi zao zichapishwe tena kwa kutaja mwandishi na chanzo. The Conversation, tovuti ya makala za wasomi, wanaruhusu pia, ila makala yao huibadilishi, na kuitafsiri ni kuibadilisha, kwa hiyo hapo uombe kwanza.

La mwisho: TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka 2018 zikiwa na ada ya leseni ya shilingi milioni 1, baadhi ya wenye blogu walifunga. Zikaja nyingine 2020, zikarekebishwa 2022. Usitegemee maneno ya jukwaani, hata yangu. Ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini ipo Arusha. Andika ukurasa mmoja unaoeleza utakachokiweka, uulize kwa maandishi kama unahitaji leseni, utunze jibu. Na ukikusanya namba za simu za watu ili uwatumie habari, kumbuka kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Omba idhini, usizigawe.

KaziNaDawa

Nafuatilia uzi. Nina wazo kama hili kwa parachichi upande wa Arumeru.

KatibuMstaafu

Binti yangu, nimekuwa katibu wa chama cha msingi huku Machame kwa muda mrefu, nikuambie kinachotuumiza. Mtu anapiga picha karatasi ya mnada wa msimu uliopita, anairusha bila tarehe. Wazee wanaona bei kubwa, wanafungia kahawa ndani kungoja. Wanangoja, bei haiji, ada za shule zinafika, wanaishia kumuuzia mlanguzi usiku kwa bei ya kutupa. Picha moja isiyo na tarehe inafanya hayo.

Jambo la pili: bei ya mnada imekuwa ikitajwa kwa dola kwa gunia la kilo 50, New York wanataja kwa senti za dola kwa ratili (karibu nusu kilo), na mkulima anawaza shilingi kwa kilo tena ya kahawa yenye ganda lake la ndani kama alivyoileta chamani. Hizo ni lugha tatu. Wewe ukimfanyia hiyo hesabu umemsaidia kuliko gazeti lolote. Na umwambie kila mara kwamba bei ya mnada si ya mfukoni, kuna kukoboa, kuna usafiri, kuna makato ya chama na ya ushirika.

MwandishiNjiro

Nawaunga mkono waliotangulia, naongeza la uandishi. Tafuta habari ilikozaliwa. Ukikuta blogu imenukuu gazeti, na gazeti limenukuu taarifa ya Bodi, wewe nenda kwenye taarifa ya Bodi. Habari ikipita mikono mitatu, "huenda" inakuwa "itakuwa", na tani zinageuka kilo.

Muhtasari wako uwe mfupi: mistari minne au mitano, kisha kiungo, kilichotajwa kwa jina la chombo na mwandishi, kikae juu na si kufichwa chini. Usimmalizie msomaji utamu wote. Mwandishi aliyepanda gari hadi shambani anastahili mtu aende kusoma kwake.

FundiSoweto

Mkuu, hapo kidogo nikupinge. Mzee wa Uru mwenye bando la siku hafungui kiungo cha gazeti la nje lenye matangazo yanayokula MB zake. Ukimpa nusu ya habari umemwacha na nusu. Bei apewe kamili hapohapo.

MwandishiNjiro

Bei sawa, apewe yote, na utabiri wa mvua vilevile; mwenzetu wa sheria ameshasema ukweli wenyewe hauna mwenyewe. Ninachokilinda ni ripoti: mahojiano, uchunguzi, maelezo ya mtu. Takwimu toa zote, kazi ya mwandishi onja tu kisha uwaelekeze.

FundiSoweto

Hapo tumeelewana.

BintiKibosho

Shikamoo Katibu, na asanteni nyote. Ile programu sinunui. Nimefungua Blogger, lebo nimeweka kama Fundi alivyoshauri, na barua ya TCRA nimeanza kuiandika. Nimejaribu chapisho moja la mfano, namba ni za kujifunzia tu, si bei ya leo. Naomba mlikosoe:

*"Ukisikia New York imefika senti 200, ina maana gani kwako? Hiyo ni senti za dola kwa ratili moja ya arabika safi. Ratili ni gramu 454, kwa hiyo kilo moja ni dola 4.41, na gunia la kilo 50 ni kama dola 220. Kahawa yako ikiwa na ganda, kilo 100 zikikobolewa zinabaki kama 80. Basi kilo moja uliyopeleka chamani inabeba kama dola 3.53 kabla ya makato yoyote. Zidisha kwa bei ya dola ya siku hiyo upate shilingi. Bei ya mnada wetu inaweza kuwa juu au chini ya hapo kulingana na daraja na ladha. Bei za madaraja yote soma kwenye matokeo ya Bodi ya Kahawa, kiungo hiki hapa. Imeandikwa tarehe..."*

KatibuMstaafu

Marahaba binti. Hii hata mke wangu ameielewa, nimemsomea. Rekebisha mambo mawili. Tarehe ipande juu kabisa kabla ya kichwa, kwa sababu wakipiga picha ya skrini kuirusha kwenye magrupu, ya chini ndiyo hukatwa. Na uandike ni ya msimu gani, 2024/2025 au upi, maana mwaka peke yake hautoshi. Kuchuma kwetu huanza katikati ya mwaka na kuuza kunavuka mwaka mpya.

Halafu ukiweza rekodi sauti ya dakika mbili ukisoma chapisho lenyewe. Wapo wazee wasioona herufi za simu, lakini sauti watasikiliza.

PichaZaMeru

Na ukipata kiungo cha blogu kiweke hapa. Nina picha za kupogoa kahawa nilizopiga Tengeru, nitakupa utumie, jina langu likae chini ya picha.

BintiKibosho

Asante sana kaka, nitaandika jina kama unavyotaka lisomeke. Katibu, tarehe na msimu nimeshapandisha juu, kwa herufi nene. Sauti nitarekodi Jumapili nikienda nyumbani, baba ndiye atakayesoma, sauti yake wanaijua.