Mafunzo ya kutuma betri za lithiamu kwa ndege: nani hasa afundishwe?

Swali, kutoka kwa Msimamizi wa Ghala

Habari zenu wakuu. Nasimamia ghala linalotuma simu, kompyuta za mkononi, pawabenki na betri za akiba kwa ndege. Wakala wetu wa mizigo sasa anadai ushahidi wa mafunzo kabla ya kupokea shehena. Mwenye kampuni anataka mtu mmoja aende darasani, arudi na cheti, yaishe. Mimi nina wafungaji mezani, kijana wa kubandika lebo, na dada anayejaza fomu. Afundishwe nani, na afundishwe nini? Niliwawekea video ya saa moja wakaitazama wote, lakini nikiwauliza maswali naona hakuna kilichoshikwa.

Jibu, kutoka kwa Mtu wa Nyaraka

Mpeleke huyo wa fomu. Sahihi ni yake, kwa hiyo likitokea jambo ataulizwa yeye. Wengine waambie wafunge vizuri, inatosha.

Jibu, kutoka kwa Dada wa Mapokezi ya Shehena

Ndugu wa nyaraka, hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Mimi ndiye ninayepokea mizigo hii kaunta, na nawafundisha pia wanaoileta. Anayejaza fomu haoni betri, anaona karatasi. Mtu wa mwisho kuitazama betri kwa macho yake kabla ndege haijaruka ni mfungaji. Akishavuta selotepu juu ya katoni, sisi wengine wote tunaamini tu alichokifanya. Ndiyo maana kanuni za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, tangu 1 Januari 2023, zinataka kila mtu afundishwe kulingana na kazi anayoifanya, apimwe kama anaiweza, na arudie ndani ya miezi 24. Hata ile mizigo midogo isiyohitaji tamko la bidhaa hatari, yaani ile fomu rasmi ya mtumaji, anayeiandaa lazima awe amepewa maelekezo ya kutosha. Dada wa fomu aende darasani, sawa, lakini asiende peke yake.

Msimamizi, achana na video, anzia mezani. Chukua betri ya drili, ile yenye vibati vya chuma vilivyo wazi upande mmoja. Tafuta ya mfano, isiyo na seli ndani. Mpe mfungaji pamoja na kifungu cha funguo na katoni, umwambie aifunge. Kaa kimya umtazame. Je, amefunika vibati? Ameitia betri kwenye mfuko wake peke yake, au ameitupia juu ya funguo? Katoni ikitikiswa, kuna kinachocheza? Usimsahihishe kabla hajamaliza. Akimaliza, mwambie aeleze kwa maneno yake kitakachotokea chuma kikiunganisha ncha mbili. Asiishie kusema itapiga shoti. Aendelee mpaka aseme kwamba seli itapata moto, joto litazaa joto jingine ndani yake bila kuhitaji cheche ya nje, na seli ya jirani itafuata. Nalishikilia sana hili kwa sababu gesi ya haloni iliyomo kwenye mifumo ya kuzima moto ya ndege inaweza kuua miali, lakini haiipozi seli. Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo ya UPS iliyotoka Dubai ilianguka baada ya moto kuzuka kwenye shehena iliyokuwa na betri za lithiamu. Marubani wote wawili walikufa. Kila ninayemfundisha namweleza habari hiyo, na siipunguzi.

Kijana wa lebo naye ajue kusoma betri. Volti mara ampea-saa unapata wati-saa. Pawabenki ya 20,000 mAh yenye seli za volti 3.7 ni 74 Wh, iko chini ya mstari wa Wh 100 unaotenganisha betri ndogo na kubwa. Betri ya baiskeli ya umeme ya volti 36 na Ah 10 ni 360 Wh. Hiyo inataka katoni iliyothibitishwa kwa viwango vya Umoja wa Mataifa, lebo ya daraja la 9 la bidhaa hatari na tamko kamili. Kisha pawabenki yenyewe: watu wengi huiandika kama kifaa, UN3481, namba ya betri iliyo ndani ya kifaa au iliyofungwa pamoja nacho. Siyo. Pawabenki ni betri, kwa hiyo ni UN3480, namba ya betri zinazosafiri zenyewe, na tangu 1 Aprili 2016 UN3480 hairuhusiwi kusafiri kama shehena kwenye ndege ya abiria. Huenda kwa ndege ya mizigo peke yake, ikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30. Tangu 1 Januari 2026 kikomo hicho kinazihusu pia betri zinazofungwa katoni moja na kifaa chake, ukiacha zile ndogo zisizozidi 2.7 Wh. Kwa hiyo mtu mmoja hapo mezani lazima ajue kupima chaji.

Msimamizi wa Ghala

Asante sana dada. Na zile zinazorudishwa na wateja? Nyingine zimevimba kidogo, na bosi anasema tuzirudishe kiwandani kwa ndege.

Dada wa Mapokezi ya Shehena

Hapana. Betri iliyovimba, iliyotoboka, inayovuja au iliyoitwa irudishwe kwa hitilafu ya usalama haipandi ndege, iwe ya abiria au ya mizigo. Hapa mfungaji apewe mamlaka ya kukataa mbele ya bosi, na wewe msimamizi umsimamie. Itengwe mbali na katoni na mbali na watu. Ikianza kufuka moshi, kutoa harufu tamutamu ya kemikali au kupata moto, asiinyanyue. Watu watoke, waiteni zimamoto, na muwaambie ni lithiamu. Maji mengi ndiyo hupoza.

Jibu, kutoka kwa Baharia wa Makontena

Kwa meli kuna njia, ila ufungaji wake ni maalumu, maelekezo P908 ya IMDG, kanuni za kimataifa za bidhaa hatari baharini: kila betri kivyake, imezungukwa na kizuia joto kisichoshika moto. Na msidhani baharini mnakwepa mafunzo. IMDG inayalazimisha kwa watu wa nchi kavu pia.

Msimamizi wa Ghala

Nimeelewa. La mwisho: wakala akija kukagua ataomba nini?

Dada wa Mapokezi ya Shehena

Jina la kila mfanyakazi, mwezi aliomaliza mafunzo, nani alimfundisha, nakala ya alichofundishwa na ushahidi kwamba alipimwa. Vitunzwe angalau miezi 36 tangu mafunzo ya mwisho. Lile zoezi la drili liandike pia, weka tarehe na sahihi zenu wawili.