Wakuu, chambo gani kinafaa kumvulia bass Jumamosi hii? Naomba ushauri wa haraka

Msafiri wa Kizota
Wakuu heshima kwenu. Niko Texas, mwaka wa tatu sasa. Jumamosi naenda kuvua Lake Fork, mashariki mwa Dallas, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari. Samaki mwenyewe anaitwa bass: mdomo mkubwa, mgongo wa kijani, mstari mweusi ubavuni. Naomba kujua chambo gani bandia kinafaa mwezi huu wa nne, mshipi wa unene gani na namna ya kurusha. Vifaa ninavyo. Tafadhali wahini, leo tayari Jumanne.

Kirumba Kwetu
Samaki ni samaki mkuu. Sisi Mwanza sangara tunamtegea migonzo, ndoano mamia kwenye kamba moja, chambo ni furu au kambare mdogo akiwa hai. Jioni unatega, alfajiri unatoa. Kusimama na fimbo kama unachunga mbuzi ni starehe ya wenye mshahara. Baba yangu mdogo aliwahi kutoa sangara ikabidi wambebe wanaume wawili, wamempitisha mti mdomoni, mkia unaburuza chini. Hela ile alinunua redio na kuoa mke wa pili, redio ndiyo ikadumu.

Mama Wawili
Mwanangu, kabla ya hivyo vyambo, mama yako umemtumia hela mwezi huu? Nauliza tu.

Dalasi Miaka 19
Nimevua Fork mara nyingi, ngoja nikusaidie. Ziwa lile ni la bwawa, walipojaza maji miti mingi waliiacha imesimama, ndiyo ile unaiona imekufa katikati ya maji. Bass hapendi peupe. Anajibanza kwenye mti, kwenye magugu, chini ya gati, anavizia. Kwa hiyo chambo chako kipite palepale pachafu bila kunasa.

Chukua mnyoo wa plastiki wa inchi 7, rangi ya boga bichi au mweusi wenye buluu maji yakiwa na tope. Tanguliza chubwi yenye umbo la risasi kwenye mshipi, halafu funga ndoano pana namba 3/0 au 4/0. Ncha ichome kichwani mwa mnyoo, itoe pembeni, geuza ndoano, kisha izamishe tena ndani ya mwili wa mnyoo ijifiche. Mnyoo unyooke, ukijikunja utazunguka kama pangaboi na samaki atakushangaa tu.

Rusha, acha uzame mpaka mshipi ulegee. Inua fimbo taratibu, shusha, vuta mshipi uliolegea. Macho yawe kwenye mshipi. Ukiona umesogea pembeni wenyewe, usishtuke: kunja ulegevu, ndipo uinue kwa nguvu. Wageni wengi wanavuta mapema wanamnyang'anya chakula.

Fundo: kunja mshipi mara mbili, pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoano, piga fundo la kawaida bila kukaza, pitisha ndoano nzima ndani ya kitanzi, lowesha kwa mate, kaza. Usipolowesha, mshipi unaungua kwa msuguano na utakatikia hapohapo. Mshipi wa ratili 15 unatosha.

Na leseni ukate. Texas ukishafika miaka 17 ni lazima.

Sasa nami nikuulize: umenunua rili, yaani kile kifaa cha kukunjia mshipi, ya aina gani? Na mbona una presha kama unaenda kusomewa hukumu?

Msafiri wa Kizota
Asante sana mkuu. Rili ni ile ya ngoma, inayokaa juu ya fimbo. Seti nzima na boksi la vyambo dola 340. Presha ya kawaida tu, sipendi kuaibika.

Dalasi Miaka 19
Hiyo rili kwa mgeni ni balaa. Ngoma ikizunguka haraka kuliko chambo kinavyoruka, mshipi unajifumua na kujifunga kiota cha ndege. Rudisha, chukua ya kawaida inayoning'inia chini ya fimbo.

Msafiri wa Kizota
Sirudishi. Nimeshaipenda, na risiti nimetupa.

Ngwale
Uzi kwenye rili umejifunga, na uzi huku jukwaani unaelekea kulekule 😂

Wa Karagita
Salamu kutoka Naivasha. Huyu samaki hata sisi tuko naye, aliletwa hapa kutoka Marekani mwaka wa 1929 ili wazungu wajiburudishe. Mjomba wangu alikuwa akiwapeleka wageni kwa mashua. Shida ya huku si chambo, ni kiboko. Siku moja mgeni amenasa bass mzuri karibu na mafunjo, kiboko akaibuka mita chache nyuma yake. Mjomba akawasha injini, mgeni anapiga kelele eti samaki wake. Mjomba akamwambia chagua, samaki ama miguu. Huko Texas mna kiboko?

Msafiri wa Kizota
Hakuna kiboko. Naomba turudi kwenye mada.

Binti Sajini
Kaka, mada hujaileta yote. Mtu hanunui vifaa vya dola 340 kwa matembezi ya Jumamosi. Unaenda na nani?

Msafiri wa Kizota
Sawa. Ni mashindano madogo, ya wawili wawili. Niko na msimamizi wangu wa kazini, kiingilio kalipa yeye. Boti ni yake. Yeye ndiye anayependekeza nani ahamie zamu ya mchana, na mimi nina miaka miwili usiku.

Binti Sajini
Kwa nini akuchague wewe?

Msafiri wa Kizota
Aliposikia Tanzania akasema "Ziwa Victoria!" Mimi nikacheka tu. Akaniuliza kama nimekulia ziwani. Nikasema Ukerewe. Halafu maneno yakafuatana, nikasema baba alikuwa na mitumbwi minne.

Ngwale
Kizota ya Dodoma ina ziwa?

Msafiri wa Kizota
Kuna bwawa la Hombolo. Nimewahi kulipita kwa basi.

Mama Wawili
Na baba yako mzazi anafanya kazi gani?

Msafiri wa Kizota
Fundi cherehani. Mama, sikumkana. Nilimwongezea mali tu.

Mama Wawili
Mlilie mwanangu, mwambie ukweli kabla hamjapanda boti. Mtu mzima akiambiwa ukweli nchi kavu anasamehe. Katikati ya maji hana pa kukukimbilia, atakuchukia siku nzima.

Msafiri wa Kizota
Mama nakusikia, ila nikisema sasa hivi na kiingilio keshalipa, zamu ndiyo basi tena. Nitajifunza. Zimebaki siku tatu.

Kirumba Kwetu
Rahisi. Pata samaki mmoja, mshindilie chubwi tumboni, uzito unapanda.

Dalasi Miaka 19
Usimdanganye mwenzio. Mwaka 2022 kule Ohio, Ziwa Erie, samaki wa mashindano walipasuliwa mbele ya watu zikadondoka chubwi za risasi. Wenye samaki wakaishia mahakamani. Na Texas nako kudanganya kwenye mashindano ya uvuvi ni kosa la jinai.

Mkaguzi Mkuu
Naomba niwasimamishe. Mwaka jana huyuhuyu alileta uzi anauliza bei ya matofali Nala. Na uzi huu kaupandisha saa nne asubuhi yetu, ambayo Texas ni saa nane usiku. Nani anaulizia chambo saa nane usiku? Hii ni chai, tena ya rangi.

Ngwale
Nimesoma mpaka kwenye kiboko bure?

Kirumba Kwetu
Nilihisi. Mitumbwi minne ni tajiri yule, mtoto wake angekuja Texas kubeba maboksi?

Msafiri wa Kizota
Matofali ni ya kwangu, najenga pole pole. Saa nane usiku ndiyo mapumziko ya zamu, nimeshawaambia nafanya usiku. Jana asubuhi nilipotoka kazini nimeweka ndoo kwenye maegesho, natupia chubwi tupu bila ndoano. Mara ya nne ngoma ikawa inalia, nikaikandamiza kwa dole gumba, ngozi ikaungua, ina alama nyeupe mpaka sasa. Mshipi ulijisokota nikaukata kwa mkasi wa kucha. Mtoto wa jirani alikaa kwenye ngazi akihesabu: ndoo sifuri, gari la mama yake mbili.

Dalasi Miaka 19
Huyo hasemi uongo. Alama ya dole gumba haisomwi mtandaoni. Mkuu, kaza breki za pembeni mpaka mwisho, halafu legeza kile kitufe cha kubana ngoma mpaka chambo kishuke taratibu na ngoma isimame chambo kikigusa chini. Usirushe kitu chepesi. Na ukumbuke, Fork bass wa inchi 16 mpaka 24 haruhusiwi kubaki naye, unamrudisha. Msimu huu dume yuko kina kifupi analinda kiota, jike likishataga limeondoka.

Binti Sajini
Dume ndiye analea? Hongera kwa huyo samaki.

Mkaguzi Mkuu
Nasubiri mrejesho wenye picha.

Msafiri wa Kizota
Mrejesho. Nimelala Jumapili nzima ndiyo naamka.

Mrusho wa kwanza, kiota cha ndege. Msimamizi akaniangalia. Nikamwambia kwetu hatutumii rili, ni kamba na mikono. Kirumba Kwetu, asante, nimekutumia wewe. Akacheka, akanipa fimbo yake ya akiba, ile ya kawaida. Saa nne asubuhi nikatupa mnyoo ubavuni mwa mti uliokufa, nikaona mshipi unatembea kwenda kushoto. Nikahesabu moja, nikakunja, nikainua. Aliruka nje ya maji anatikisa kichwa mdomo wazi. Msimamizi akanionyesha kumshika taya la chini kwa dole gumba, meno yake yanakwaruza kama msasa, palepale nilipoungua. Tukampima: inchi 17. Tukamrudisha. Ndiye huyo huyo mmoja tu niliyepata. Msimamizi naye alipata wawili, wote wa saizi hiyo hiyo. Mezani tulipeleka sifuri.

Mkaguzi Mkuu
Picha?

Msafiri wa Kizota
Iko kwenye simu yake. Zamu bado hajasema kitu. Ila njiani tukirudi kaniambia Julai anachukua likizo na mkewe, wanataka kuja Ukerewe kumwona mzee na mitumbwi. Nimeitikia. Wakuu, kuna aliyeko Nansio?

Kirumba Kwetu
Nina binamu pale. Mitumbwi minne ipo, tutaelewana kwa siku. Baba ni bei tofauti.